Pasipoti ya Kurudi Nyumbani

Je, mtu anayekumbuka mambo ya watu wote akasahau moja tu lililo lake, amesahau kweli, au kuna sehemu ya moyo wake iliyokumbuka vema ikaamua kunyamaza?

Ivone Borba alijiuliza swali hilo akiwa amepiga magoti kwenye zulia la sebule ya mama yake, mchana wa Jumamosi, mwezi wa Juni, na pasipoti mbili mkononi. Moja ilikuwa ya Ureno, rangi ya damu ya mzee, mpya kiasi kwamba kurasa zake zilikuwa bado zimeshikana. Nyingine ilikuwa ya Kanada, ya buluu, pembe zake zimelika kwa likizo nyingi. Hiyo ya buluu ilikuwa imekwisha muda wake tangu majira ya baridi. Ndege ya kwenda kisiwa cha Terceira, Ureno, iliondoka jioni ileile, na ofisi zote za serikali jijini Toronto zilikuwa zimefungwa hadi Jumatatu.

"Umezipata?" Duarte, mpenzi wake, aliuliza akiwa mlangoni, koti mkononi.

Ivone aliirudisha satini nyeupe iliyofunika kabati polepole juu ya droo, kama mtu anayemfunika mgonjwa.

Familia ya Borba, kama jirani zake wengi waliotoka visiwa vya Azores, iliweka pasipoti kwenye droo ya juu ya kabati la sebuleni. Lakini juma hilo kabati halikuguswa. Kura ya Roho Mtakatifu, ya kuchagua nyumba itakayolitunza taji la sikukuu, ilikuwa imemwangukia mama yake, Dona Deolinda, na tangu Jumapili iliyopita taji la fedha la parokia lilikuwa limekaa juu ya kabati hilo, juu ya ngazi za satini, katikati ya mishumaa na maua, na kila jioni majirani walijaa humo kusali rozari. Satini ilishuka mpaka sakafuni. Nani angethubutu kuipandisha ili afungue droo? Ivone alijiambia juma zima kwamba hapakuwa na haja. Pasipoti zipo, na nani anazijua pasipoti kuliko yeye?

Kwa kweli hapakuwa na mtu. Kwa miaka sita alikuwa amekaa nyuma ya meza katika ofisi ya tiketi ya Mtaa wa Dundas, akiwasafirisha watu wa visiwani kila kiangazi, na wote walikuwa wameyakariri maneno yake: "Ya damu ya mzee ni ya kuingilia kule, ya buluu ni ya kurudia huku. Nionyeshe zote mbili, au sikukatii tiketi." Wazee walimtania kwa maneno hayo hata mlangoni mwa kanisa.

"Ivone," Duarte alisema tena, safari hii kwa sauti ya chini. "Kuna nini?"

Alimwinulia ile ya buluu, ikiwa wazi. Duarte alisogea, akainama, akasoma. Alikuwa fundi wa vigae, mwenye mikono mipana iliyoparazwa na saruji, na mikono hiyo ilikuwa na upole ambao Ivone hakuwahi kuuona kwa mtu mwingine. Ilishika kila kitu kana kwamba kitu hicho kingeweza kuumia. Sasa ilikishika kile kitabu kidogo kwa namna hiyohiyo. Kisha macho yao yakakutana, na Ivone akaona kitu ndani ya macho yake kikizimika, taratibu, kama taa ya nyumba ya jirani.

"Nini kimetokea huko?" Sauti ilitoka jikoni. Shangazi Natália, dada wa marehemu baba yake, alitokeza akiwa na kisu na konzi ya vitunguu saumu. Tangu alfajiri alikuwa akiandaa nyama ya kesho, ambayo parokia nzima ingekula baada ya misa.

"Pasipoti yangu ya Kanada imekwisha muda," Ivone alisema.

Shangazi Natália alimtazama kwa kitambo. Kisha akakaa kwenye mkono wa kochi. "Wewe? Wewe uliyenirudisha nyumbani mwaka juzi na masanduku yangu, mbele ya foleni, kwa sababu picha yangu ilikuwa imechubuka? Ngoja nikae vizuri. Ngoja nimpigie mteja wako Abílio simu sasa hivi, mzee wa watu asife kabla hajalisikia hili."

"Shangazi, tafadhali."

"Sicheki, mwanangu. Nacheka kidogo tu."

Nyuma yake alikuwa amesimama Dona Deolinda, aproni kiunoni, majani ya nanaa mkononi. Hakucheka. Alimtazama binti yake, akaitazama pasipoti, akalitazama taji, kisha akavuta pumzi ndefu na mabega yake yakashuka. Ivone aliiona pumzi ile. Ilikuwa pumzi ya mtu aliyetuliwa mzigo, nayo ilimchoma kuliko neno lolote ambalo mama yake angesema.

"Basi," Dona Deolinda alisema. "Mlango umefungwa. Si mimi niliyeufunga."

"Mama."

"Nimesema neno baya? Nimesema si mimi. Duarte, mwanangu, kaa ule kwanza, ndege yako bado. Ivone atakuja kiangazi kingine, akiwa na karatasi zake sawasawa."

Duarte aliiweka pasipoti mezani. "Asante, Dona Deolinda. Sina njaa." Akatoka kwa mlango wa nyuma.

*

Ivone alimkuta chini ya mzabibu ambao baba yake aliupanda uani mwaka aliponunua nyumba, na ambao kila msimu wa baridi aliufunga magunia kama mtoto. Majani yake mapya yalikuwa laini, na jua lililopenya kati yake lilimwekea Duarte madoa ya mwanga mabegani.

"Ungeniambia tu," alisema bila kugeuka. "Sikukulazimisha. Nilikuomba juma moja. Uje uone nyumba, uwaone ng'ombe, umwone baba yangu alivyopooza upande mmoja, hawezi kuinua hata kijiko. Halafu urudi, ukae na mama yako, unijibu ukiwa kwako kama utakuja kuishi nami kule. Nilidhani hilo si ombi kubwa."

"Si kubwa."

"Basi ungeniambia hapana kwa mdomo wako. Nisingekuchukia. Lakini kuniacha nifunge mizigo, ninunue suti, nimwandikie dada yangu atandike chumba cha mashariki kwa sababu unapenda kuamshwa na jua..." Sauti yake ikapungua. "Wewe si mtu wa kusahau, Ivone. Unakumbuka tarehe za watu ambao hata majina yao huyajui. Mtu kama wewe hasahau."

"Unafikiri nilifanya makusudi."

"Sifikirii makusudi. Nafikiri moyo wako ulikuwa unakuambia kitu, ukawa hutaki kuusikia."

Hapo ndipo swali lile la zuliani lilipomrudia, na Ivone akahisi baridi ndani ya jua. Aliketi kwenye kiti cha mbao cha baba yake. Alikumbuka asubuhi ya Februari aliyoomba ruhusa kazini, akapanda basi katika theluji hadi ubalozi mdogo wa Ureno, akasimama kwenye foleni akiwa na furaha isiyo na sababu, akapigwa picha, akacheka na karani. Siku hiyo alikuwa na pasipoti ya buluu ndani ya mkoba. Aliionyesha kama kitambulisho. Karani aliifungua, akairudisha. Yeye mwenyewe aliifunga na kuitia mkobani. Tarehe ya kuisha muda wake ilikuwa mbele ya macho yake.

"Duarte," alisema, "iliyokwisha muda si ya kwendea."

"Nini?"

"Ya kwendea ni ile ya Ureno. Ile ni nzima. Niliifuata kwenye theluji. Naweza kupanda ndege jioni hii na hakuna atakayenizuia. Iliyokwisha ni ya kurudia."

Duarte aligeuka. "Ni yaleyale. Utaingia, halafu hawatakupandisha ndege ya kurudi. Sitamchukua mtoto wa mtu nikampitisha kwenye mlango unaojifunga nyuma yake. Mama yako mjane. Ungenichukia mwezi wa pili tu, ng'ombe wangali wananuka puani mwako."

"Hawanuki vibaya hivyo, nasikia."

"Wanauliza kwanza kabla ya kunuka," alisema, na kwa kufumba na kufumbua tabasamu lake la zamani lilipita usoni, lile lililomshika Ivone siku Duarte alipoingia ofisini kwake kuuliza tiketi na kusahau kuinunua. Kisha likaondoka. "Hapana, mpenzi. Nitakwenda peke yangu. Usilie. Ukilia nitaikosa ndege, na baba yangu ananingoja."

Aliugusa mkono wake, vidole tu, kama mtu anayejaribu kigae kama kimekauka. Alikuwa anaaga. Ivone aliuelewa mguso huo.

Angeweza kunyamaza. Kunyamaza kungemaliza kila kitu kwa heshima: mama yake angebaki na binti, Duarte angeondoka na huzuni isiyo na mkosaji, na lawama yote ingebaki kwa kitabu cha buluu. Kulikuwa na jambo moja ambalo ni yeye peke yake aliyelijua katika nyumba ile, na kama asingelisema, lisingejulikana kamwe.

"Kuna njia," alisema.

"Njia gani?"

"Kibali maalumu. Raia wa Kanada mwenye pasipoti halali ya nchi kama Ureno, akiwa anasafiri ndani ya siku chache, anaweza kuomba aruhusiwe kurudi kwa pasipoti ile nyingine mara moja hiyo. Unaomba kwa simu. Nilimwombea mzee Abílio mwaka jana alipokwama kule, na akarudi."

Duarte alimkodolea macho. Kisha furaha ikampanda usoni kama damu, bila kujificha, naye akamshika mikono yote miwili. "Na ulikuwa umekaa hapo kimya? Njoo. Njoo tumwambie mama yako."

Alimvuta kuelekea mlangoni. Ivone alimfuata akishangaa ni kwa nini, katika furaha ile, miguu yake ilikuwa mizito.

*

Dona Deolinda aliwasikiliza hadi mwisho akiwa amesimama mbele ya altare ile ya kabatini. Hakumkatiza Duarte, ambaye alieleza kila kitu mara mbili. Alipomaliza, mama alijifuta mikono kwa aproni, akavuta kiti cha mezani na kukiweka mbele ya taji.

"Keti, Ivone. Ijaze fomu hapahapa, nikiona."

"Deolinda," Shangazi Natália alisema, "muda wa ndege..."

"Muda upo. Mimi si mtu mbaya, Natália, msinifanye mtu mbaya ndani ya nyumba yangu mwenyewe, juma hili kuliko majuma yote." Alimgeukia Duarte. "Sijakukataa wewe, kijana. Una mikono mizuri na unasali. Kisiwa ndicho ninachokikataa. Unajua mimi nilitoka kule vipi? Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mama yangu alinisindikiza mpaka uwanjani akiwa amevaa viatu vya kuazima. Nikamwambia, 'Mama, mwakani narudi.' Nilimwambia hivyo kwa sababu nilikuwa namwona analia na sikuwa na kitu kingine cha kumpa. Mwakani nikawa na mimba ya kaka yake Ivone, yule aliyefariki. Mwaka uliofuata mume wangu Adelino akawa hana kazi. Halafu tukanunua nyumba. Dada zangu waliniambia kwamba kila Juni mama alikuwa anatoa godoro langu nje, analianika juani, analirudisha. Kila Juni. Mpaka alipozikwa. Na mimi nilikuwa hapa, nafagia ofisi za watu."

Mishumaa ilipepea kidogo. Ivone alikuwa amekijua kisa cha viatu vya kuazima tangu utoto. Cha godoro hakuwa amekisikia.

"Kwa hiyo sikuzuii," mama aliendelea, na sauti yake sasa ilikuwa na nyufa. "Nenda juma lako. Angalia ng'ombe. Lakini nataka nione kwa macho yangu kwamba mlango wa kurudi uko wazi. Omba hicho kibali hapa, mbele ya Roho Mtakatifu, na mimi nitakubariki na kukufungia mkate njiani. Sitaki nyumba hii iwe na godoro la kuanika."

Duarte alitikisa kichwa kukubali, machozi yakimlenga. "Ni haki yake, Ivone. Omba."

Ivone aliketi. Aliitoa simu. Ukurasa ulifunguka, aliufahamu kama jikoni kwake. Jina. Tarehe ya kuzaliwa. Namba ya pasipoti ya Ureno, ambayo aliijua kwa kichwa. Namba ya pasipoti ya Kanada iliyokwisha muda. Siku ya ndege ya kurudi. Vidole vyake vilikwenda vyenyewe, jinsi vilivyokwenda kwa ajili ya mzee Abílio na wengine. Nyuma yake alisikia pumzi ya mama, na mbali kidogo harufu ya mdalasini na divai kutoka kwenye masufuria. Mwishoni palibaki kitufe kimoja, cha kutuma.

Kidole kilisimama.

Alikitazama kana kwamba ni cha mtu mwingine. Alijaribu kujiona akirudi: akishuka uwanja wa ndege, akipanda basi, akifungua mlango huu, akimwambia mama, 'Nimerudi.' Alijaribu kwa uaminifu wake wote, kwa kuwa alikuwa mtu aliyeamini kwamba kweli hujibu ikiulizwa kwa unyofu. Picha haikuja. Kilichokuja ni chumba cha mashariki, na jua, na mzee aliyepooza upande mmoja akisubiri kijiko, na Duarte akiingia kutoka malishoni, umande kwenye mabuti. Picha hiyo haikuhitaji kuitwa. Ilikuwa imekaa humo tangu Februari, tangu siku ile ya theluji, na ilikuwa na fanicha zake zote.

Hakuwa amesahau. Alikuwa ameifufua pasipoti moja, akaiacha nyingine ife, nao mkono uliofanya hivyo ulikuwa mwaminifu kuliko mdomo wake.

"Bonyeza, mwanangu," mama alisema kwa upole.

Sasa alikielewa kile kilichokuwa kikimlemea miguu. Kubonyeza kungekuwa rahisi. Kibali kingekuja, mama angefunga mkate, wote wangelia machozi mepesi. Kisha baada ya juma angepiga simu na kusema, 'Mama, nasogeza mbele kidogo.' Na tena. Na kila Juni, hapa Toronto, mwanamke mmoja angelitoa godoro nje.

Alilaza simu mezani, uso chini.

"Kuna tatizo gani?" Duarte aliuliza. "Mtandao?"

"Hakuna tatizo."

Alisimama, akamgeukia mama yake. Nyuso zao zilikuwa karibu kiasi kwamba aliona unga kwenye nyusi za Dona Deolinda, na alitamani kuupangusa, lakini alijua kwamba akimgusa sasa hataweza kusema.

"Mama, wewe ulimwambia bibi kwamba unarudi kwa sababu ulimpenda."

"Ndiyo."

"Na ulipokuwa unasema, ulijua?"

Dona Deolinda aligeuza macho kuelekea kwenye taji, kisha akayarudisha, na Ivone akaona kwamba mama alikuwa ameshaelewa, na kwamba alikuwa akiomba kwa macho yake lisisemwe.

"Nilijua," mama alisema. "Nilipopanda ngazi za ndege nilijua."

Shangazi Natália alikitua kisu taratibu. Duarte alikuwa amebadilika rangi. "Ivone, subiri," alisema. "Usifanye hivi kwa ajili yangu. Rudi kwanza. Juma moja, nilikuambia. Nitangoja."

"Sifanyi kwa ajili yako, Duarte. Nakupenda, lakini hili ni langu." Kisha akamtazama mama, moja kwa moja. Machozi yalikuwa yakishuka bila yeye kuyazuia, na sauti yake, kwa mshangao wake, ilikuwa tulivu, sauti ileile aliyozoea kuwaambia watu ukweli kuhusu safari zao. "Sitaki nikupe neno ulilompa bibi. Nikikupa, utaliamini, na utaningoja."

"Basi usinipe neno lolote," mama alinong'ona. "Nenda tu. Usiseme."

"Ni lazima niseme, Mama. Siombi kibali. Nakwenda leo na Duarte, na sirudi kuishi hapa. Pasipoti ya buluu nitaitengeneza kulekule, na nikija, nitakuja kukutembelea. Usinitandikie kitanda."